Dokta wa kukaa na watu: uwe tabibu, MD au bingwa wa familia?

Matokeo ya form four yakitoka Januari na ya form six yakitoka Julai, mi najua wiki hiyo chai yangu ya jioni hapa Makorora, Tanga, siinywi kwa amani. Wazazi wanapita barazani na simu mkononi, "dokta hebu mtazame mwanao huyu, ana C ya Baiolojia, anataka udokta lakini sio huu wa kupasua pasua, anataka ule wa kukaa na watu". Dokta wa kukaa na watu, mi hilo neno nalipenda kuliko hata "daktari wa familia" lenyewe, manake ndo kazi yenyewe: mtu ambaye ukiumwa chochote unaanzia kwake, mtoto ana homa, mama ana mimba, bibi ana presha, na ukirudi mwezi ujao anakukumbuka, anajua kwenu nani ana sukari na nani kafiwa juzi.

Sasa shida ni kwamba kwetu Tanzania kazi hiyo haina mlango mmoja. Anaifanya tabibu wa zahanati, anaifanya daktari mwenye MD (shahada ya udaktari), na anaifanya daktari bingwa wa tiba ya familia, na mtaani wote hao wanaitwa dokta, mtoto anakuja kugundua tofauti yuko chuoni mwaka wa pili na ada ishalipwa. Mi nimepita milango miwili, nilianza tabibu, nikafanya kazi, nikarudi shule kusoma MD. Wa tatu sijaupita ila nimefanya kazi chini ya bingwa wa namna hiyo na nilimuona anavyofanya. Nitajitahidi kumtendea haki kila mmoja, ingawa moyo wangu una upande wake na mtauona tu.

Tutavipima vipi

Mambo matano. Matokeo gani yanakuingiza. Muda na mfuko. Ukishaanza kazi unafanya nini na nani yuko nyuma yako ukikwama. Tabia gani lazima uwe nayo. Na ukitaka kupanda, ngazi ipo au haipo. Mshahara sijaupa kichwa chake, manake huo unafuata cheti, serikalini Tabibu daraja la II anaanzia ngazi ya mshahara wa watumishi wa afya inayoitwa TGHS B na Daktari daraja la II anaanzia TGHS E, hayo yapo kwenye matangazo ya ajira kila mtu anayasoma.

Matokeo

Tabibu unaingia na form four. Unatakiwa uwe umefaulu angalau masomo manne yasiyo ya dini, kuanzia D, na ndani yake lazima Baiolojia, Kemia na Fizikia viwemo. Hesabu na Kiingereza ukiwa navyo vinakuongezea nafasi lakini ukikosa hawakufungii mlango. Kozi yenyewe ni stashahada ya utabibu, iko chini ya NACTVET (baraza la elimu ya ufundi), unaanza ngazi ya 4 unamaliza ya 6.

MD unapita form six, mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia), na masomo yote matatu uwe na principal pass, yaani A mpaka E. Pointi zinahesabiwa A 5, B 4, C 3, D 2, E 1, kwa hiyo D tatu ni pointi 6, na hizo jamani zinakufikisha mlangoni tu, ndani kuna foleni ya watoto wenye A na B wanaogombea nafasi zile zile MUHAS, Bugando, KCMC, Dodoma. Mzazi akiniambia "amepata D tatu, si anaweza kuomba?" namwambia aombe, ila awe na mpango mwingine mfukoni.

Kuna mlango wa pembeni wa MD ambao ndo nilioupita mi, unaingia na stashahada ya utabibu yenye GPA isiyopungua 3.0 au wastani wa B. Hapa ndo pana mtego na naomba usomwe taratibu: ukipita huku wanarudi kukagua cheti chako cha form four, na wanataka angalau D kwenye Baiolojia, Kemia, Fizikia, Hesabu NA Kiingereza. Yaani ile Hesabu waliyokusamehe wakati unaingia utabibu, wanakudai wakati unataka kupanda. Namjua kijana alikuwa tabibu mzuri sana, wagonjwa wanamsubiri yeye tu, ana F ya Hesabu, ikabidi akarisiti akiwa na miaka 27, amekaa chumba cha mtihani na watoto aliowatibu malaria. Alipita, lakini alipoteza mwaka mzima na aibu yake juu.

Bingwa wa familia hakuna njia ya mkato. Lazima uwe na MD tayari, umemaliza utarajali (mwaka wa mafunzo ya kazi hospitalini baada ya chuo), umesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, ndo uombe shahada ya uzamili. Kwa hapa nchini Chuo Kikuu cha Aga Khan Dar es Salaam wanayo kozi hiyo.

Muda na mfuko

Tuhesabu kuanzia siku unamaliza form four. Tabibu ni miaka 3. MD ni 2 ya form five na six, 5 ya chuo, na 1 ya utarajali, jumla 8. Bingwa ongeza 3 mpaka 4 juu ya hapo, inakwenda 11 au 12, na hapo hujaweka mwaka wa kusubiri ajira wala wa kutafuta ada.

Ila angalia hesabu hii ambayo wazazi wengi hawaifanyi. Ukianza tabibu 3, ukaenda MD 5, utarajali 1, hiyo ni 9. Umemzidi mwenzako aliyepita form six mwaka mmoja tu! Kwenye karatasi lakini, manake kwenye maisha unaanza kazi, unasaidia nyumbani, mdogo wako anaingia sekondari, unaoa, na ukiwa serikalini lazima kwanza uthibitishwe kazini ndo uanze kuzungumzia ruhusa ya masomo, hiyo 9 inakuwa 13 bila mtu kukuonea.

Mfuko: mwanafunzi wa MD anaomba mkopo HESLB, bodi ya mikopo. Wa stashahada, mikopo ilianza mwaka wa masomo 2023/24 lakini ni kwa kozi zilizotajwa tu, sio kila kozi ya afya imo, kwa hiyo usipige hesabu ya mkopo kabla hujasoma mwongozo wa mwaka wako kwa macho yako. Utarajali unalipwa posho, huo mwaka angalau hauombi nauli nyumbani. Bingwa ndo mtihani, manake wakati huo ushakuwa mtu mzima una watoto, na unarudi kukaa darasani Dar wakati wenzako uliomaliza nao wanajenga Pongwe.

Kazini, na nani yuko nyuma yako

Tabibu anaachwa peke yake mapema kuliko wote, na hili watu hawaambiwi. Nilikuwa na miaka 22, zahanati ndani huko Mkinga, mi na muuguzi mmoja. Saa tano usiku mvua ya masika inapiga, wanagonga, mtoto ana degedege. Hakuna wa kumuuliza. Mtandao mpaka upande kichuguu nyuma ya choo. Muuguzi anashika tochi ya simu mdomoni mi natafuta mshipa kwenye mkono mdogo kama kijiti cha kiberiti, nampa dawa ya kukata degedege, sindano ya kwanza ya malaria kali, afu tunatafuta pikipiki ya kumpeleka mbele, mama kampakata katikati. Mtoto alipona, sa hivi kaniacha urefu. Lakini usiku ule nilijua kwamba miaka mitatu ya chuo inakupa mwongozo wa matibabu na mikono, ujasiri unautoa nyumbani kwenu.

Kwa mchana kazi ya tabibu ndo udokta wa familia wenyewe hata kama cheti hakisemi hivyo. Kikohozi, homa, vidonda, kliniki ya watoto, presha, kushona waliokatwa na panga shambani, kuandika rufaa. Unamwona mtu yule yule na mwanawe na mama mkwe wake.

MD nyuma yako kuna watu, na mbele yako pia kuna watu wengi mno. Mwaka wa utarajali unazungushwa wodi ya tiba, upasuaji, watoto, uzazi, una mkubwa wako wa kumuuliza hata saa nane usiku (akipokea). Baadaye hospitali ya wilaya unaamshwa kumfanyia mama upasuaji wa uzazi, asubuhi unaingia OPD (wagonjwa wa nje) foleni imefika getini. Kujifunza unajifunza kweli. Ila wagonjwa wengi unawaona mara moja, umempasua amepona ameondoka Handeni humjui tena. Na MD anavutwa sana na karatasi, wewe ndo mganga mfawidhi, wewe ndo vikao, wewe ndo ripoti za robo mwaka.

Bingwa anakaa kliniki. Wagonjwa wa miadi, anawafuatilia miaka, sukari, presha, pumu, kifafa, msongo wa mawazo, wazee, anasoma mafaili ya familia nzima. Yule niliyefanya naye kazi alikuwa anaweza kukaa dakika ishirini na mtu mmoja anamsikiliza tu, nje sisi tunahangaika na foleni, mwanzo nilimuona mvivu. Kasoro yake ni kwamba kazi za namna hiyo bado zimelala zaidi hospitali binafsi za miji mikubwa, ukisema unataka kurudi Lushoto ukaifanye, utajikuta unafanya kazi ya MD wa kawaida kwa cheti kikubwa. Na kila siku unaulizwa "bingwa wa nini?" Ukijibu wa familia wanadhani unasuluhisha ndoa. Uingereza hawaulizi, kule GP (ndo daktari wao wa familia) ni mtu mzito, miaka 5 ya chuo, 2 ya msingi hospitalini, afu 3 ya mafunzo ya GP ndo unaachiwa. Huku tukisikia GP tunadhani ni yule aliyeshindwa kusomea moyo au ubongo.

Tabia, na hapa nitakaa

Matokeo yanakuingiza chuoni. Kinachokufanya uwe dokta wa kukaa na watu ni kingine na hakipo kwenye cheti chochote kati ya hivi vitatu.

Mzee mmoja (nimebadilisha mambo mawili matatu asijulikane) alikuja kwangu mara tatu kwa "mgongo". Ya kwanza nikampa dawa ya maumivu. Ya pili nikamwambia babu punguza kubeba. Ya tatu nikamwona amekaa upande mmoja wa kiti, kanzu kaivuta mbele, na macho kila saa yanaenda kwa nesi. Nikamwomba nesi akatuletee daftari la dawa, daftari lenyewe lipo mezani, nesi akaliangalia akaniangalia mi akatoka. Mlango ulipofungwa mzee akasema taratibu, "mwanangu, mgongo hauumi". Lilikuwa busha. Miaka 11 analo, ameacha kwenda kwenye harusi, Ijumaa anaswali safu ya nyuma kabisa pembeni. Pwani hii yetu mabusha na matende sio habari ngeni, upasuaji wake upo na sio wa ajabu, ila huyu alikuwa anaogopa jambo moja tu, mkwewe anakaa barabara ya pili kutoka kwake, habari itafika barazani kabla hajafika nyumbani. Mara mbili nilimpa vidonge vya mgongo kwa sababu nilikuwa na haraka. Sasa niambie hapo alihitajika MD, bingwa au tabibu?

Na bibi mwingine, presha haishuki. Ukitazama daftari lake dawa imeongezwa, imebadilishwa, imeongezwa tena. Nikamwambia bibi hebu nione dawa zako, akafungua fundo la khanga, vidonge vyote chumba kimoja, vya presha, vya sukari, na kimoja cha minyoo cha mjukuu. "Unavimeza vipi bibi?" "Hiki cheupe siku nikisikia kizunguzungu. Hiki kikubwa nikila wali." Dawa haikuwa na kosa, hakuna aliyemuuliza. Tulitumia vikopo viwili vya filamu za zamani, kimoja tumekifunga uzi mwekundu, na mjukuu akapewa cheo cha msimamizi.

Kwa hiyo uvumilivu, masikio, na kufunga mdomo. Mdomo hasa, Tanga ni mji mdogo, ukipita Ngamiani unasalimiana na wagonjwa wako mpaka sokoni, na kama wewe ni mtu wa "nikwambie kitu usimwambie mtu" tafadhali kasome kitu kingine. Ongeza na uwezo wa kusema hapana kwa upole. Mama kaleta mtoto, MRDT (kipimo cha haraka cha malaria) imetoka hasi, mstari mmoja, anakwambia mashine yenu haioni, niandikie mseto tu. Ukimpa umemdanganya, ukimfokea hatorudi hata siku ya malaria kweli. Na usicheke mtu akikwambia ameshapita kwa mganga, hii ni Tanga jamani, wewe muulize kapewa nini na kanywa kiasi gani, andika, endelea.

Hizo ni za wote. Zinapotofautiana ni hivi. Tabibu anahitaji zaidi kujua mwisho wake ulipo, yaani kuandika rufaa bila kuona aibu, manake tabibu hatari sio asiyejua, ni yule anayeona rufaa ni kushindwa. MD anahitaji mwili na roho ya kelele, zamu za usiku, vifo viwili kwa wiki na Jumatatu unarudi una sura ya kumsalimia mtu. Bingwa wa familia anahitaji kuvumilia magonjwa yasiyoisha, sukari haiponi unaisindikiza miaka ishirini, anayependa matokeo ya papo kwa papo atachoka mwaka wa kwanza. Na anahitaji kukaa. Tanga tunasema waja leo, kuondoka majaliwa, basi dokta wa familia ni wa kuondoka majaliwa, ukihama kila miaka miwili unaanza upya kumjua nani mjukuu wa nani.

Ngazi

Zamani tabibu alikuwa na daraja la kati, anasoma anakuwa daktari msaidizi, hata hapa hapa Tanga walikuwa wanafundishwa, na wengi wamepasua kina mama maelfu wakapona. Mafunzo hayo yalisitishwa, waliobaki wanaelekea kustaafu, kwa hiyo sa hivi tabibu akitaka kupanda kwenye tiba anaruka moja kwa moja kwenda MD, na ndo maana ile Hesabu naipigia kelele. MD milango iko mingi, ubingwa wowote, uongozi, utafiti, tuna NIMR (taasisi ya utafiti wa magonjwa) hapa hapa mjini na Amani. Bingwa wa familia keshafika juu, ngazi yake inayobaki ni kufundisha wengine.

Kama hali yako ni hii

Nyumbani wanakutegemea na una D zako za sayansi, huwezi kusubiri miaka 8: utabibu ni njia ya heshima, sio ya walioshindwa, na unaanza kukaa na watu ukiwa kijana. Chagua chuo kinachopeleka wanafunzi wodini kweli, uliza waliomaliza, usiangalie rangi ya jengo.

Una PCB nzuri na mtu wa kukushika mkono au mkopo: nenda MD moja kwa moja, hata kama ndoto ni familia, manake mlango wa ubingwa hauna kipito kingine. Ila likizo moja kakae kwenye benchi la zahanati kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa nane, uone kama mtu wa kumi na tano mwenye kikohozi bado anakuvutia.

Ni MD tayari, umechoka kupasua na kusahau majina ya watu: ubingwa wa familia ufikirie kweli kweli, lakini kabla ya kulipa ada tafuta kwanza nani atakuajiri kama bingwa kwenye mji unaotaka kuishi. Kama jibu ni hakuna na wewe huhami Tanga, unaweza kuifanya kazi hiyo kwa MD yako, ukiweka siku maalum za presha na sukari na kuwafuatilia wale wale.

Ni tabibu wa miaka kadhaa na hujui urudi shule au ubaki: kama kinachokusukuma ni watu kukuita "tabibu tu", hilo halitoshi kubeba miaka sita. Kama ni zile usiku ulizotamani kujua zaidi, nenda.

Na wewe mwenye F ya Hesabu uliyeko mwaka wa kwanza wa utabibu, hata kama sa hivi hutaki kusikia habari za MD, NECTA wanafungua usajili wa watahiniwa wa kujitegemea mwanzoni mwa mwaka, somo moja tu, kajisajili ukalifute wakati bado kichwa kina joto la shule.